Noti ya Lodu

Ukiwa Arua na dola yenye doa, mtu yeyote kuanzia sokoni mpaka Oli atakuambia neno moja: mpelekee Candia.

Meza yake iko kando ya barabara inayoteremka kwenda mto Oli, chini ya mwavuli uliopauka mpaka rangi yake ya kwanza haijulikani tena. Hubadilisha shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo, pauni ya Sudan Kusini na dola. Wabadilishaji kama yeye wako wengi. Lakini Candia, mjane wa miaka hamsini na tatu, ana ufundi ambao wenzake hawana. Huosha noti. Huziosha kweli, kwa sabuni na maji, kama mtu anayeosha kola ya shati, kisha huzipiga pasi zikalala kimya kama zimezaliwa asubuhi hiyo.

Ufundi huu umeletwa na mpaka. Ng'ambo, katika soko la Ariwara, dola iliyochanika kidogo tu au iliyoandikwa kwa kalamu haivuki mkono wa kwanza. Kambale, Mkongo anayeuza vitenge pande zote mbili, hupita kwa Candia kila wiki na bahasha ya noti zilizokataliwa.

"Kwetu, mutu anaangalia dola kuliko anavyoangalia mke yake," Kambale husema. "Akiona alama moja tu ya kalamu, anarudisha."

"Na mke yako akikuangalia wewe, anaona nini?"

"Mimi nilishachanika zamani, mama. Hakuna mutu anaweza kunibadilisha."

Wino wa kalamu hautoki kwa sabuni. Unatoka kwa waragi. Candia ni mlokole, hajawahi kuonja pombe, lakini kila Jumamosi hununua kichupa kwa Jolie, muuza waragi wa nyuma ya soko, na kila Jumamosi Jolie humchokoza mbele ya walevi wake: "Mama Mlokole amefika! Mumupishe, Roho iko na kiu." Candia huchukua kichupa, hukitia chini ya kitenge, huondoka bila kujibu. Nyumbani huchovya pamba, hugusa wino taratibu, na wino hupanda kwenye pamba. Tundu dogo huliziba kwa wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi. Mwisho huja pasi ya mkaa juu ya kitambaa.

Alijifunza hayo alipofiwa na mume, akiwa na watoto watatu na meza ya kuazima. Yamemsomeshea watoto wote. Lakini kazi ya miaka mingi humfundisha mtu kuona, na vilevile humfundisha kutoona. Jicho la Candia likiangukia noti haliulizi imetoka kwa nani wala imepita wapi. Linatafuta kasoro.

Mwezi Februari alifika mezani pake mwalimu wa sanaa, dada mmoja anayeitwa Scovia, mwenye miwani na mfuko wa turubai. Alikuwa anaandaa maonyesho ya noti za zamani katika ukumbi ulio karibu na Oli.

"Watu walipe kuona pesa?" Candia aliuliza.

"Hawalipi, mama. Wataangalia bure."

"Pesa ya kuangalia bure! Basi waje kwa meza yangu, wako wengi wanaofanya hivyo kila siku."

Scovia alicheka, akatoa lenzi, akaiweka juu ya noti chakavu ya Zaire. "Angalia hapa. Huyu chui. Kuna mtu alikaa akachonga kila unywele wake kwenye chuma, akiwa na sindano tu. Ni mchoraji. Hakuna anayejua jina lake, na picha yake imeingia katika kila nyumba."

Candia aliinama. Unywele juu ya unywele, mstari ndani ya mstari. Alikuwa ameshika chui yule maelfu ya mara. Alinyanyua kichwa na kuhisi haya ndogo, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani yake wa siku zote akakosa la kusema.

"Nataka noti za watu wa hapa," Scovia aliendelea. "Za Kongo, za Sudan, na zetu zile zilizokatazwa baada ya vita vya sabini na tisa. Koboko watu bado wanazo ndani ya makopo, lakini mimi hawanijui. Wewe umeolewa kule. Kuna mzee mmoja wa kule Lurujo, Mama Kiden. Mjukuu wake Patience alikuwa mwanafunzi wangu, na kupitia kwake mzee ameniahidi noti yake. Hiyo uniletee kwanza. Itakaa katikati ya ukumbi."

Candia alimjua Mama Kiden vizuri. Alikuwa mke wa Lodu, na Lodu alikuwa kaka mkubwa wa baba mkwe wake. Lodu mwenyewe Candia hakumkuta. Alijua tu kwamba alikuwa seremala, kwamba vita vilipowafukuza watu yeye alikimbilia Sudan akichechemea kwa mguu wenye jeraha, na kwamba hakurudi.

Alikwenda Koboko, akazunguka boma kwa boma siku mbili, akapewa noti kumi na nne. Lurujo alifika mwisho. Mama Kiden alimpokea mlangoni, akatoa kopo la maziwa, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi ya nailoni, na ndani yake noti ya shilingi ishirini.

"Usiichanganye na zingine, mke wetu," alisema. "Huyu ni Lodu mwenyewe."

"Nimesikia, mama," Candia akajibu, na akaiweka kwenye mfuko wa kando. Alifikiri ni maneno ya wazee, wanaoita kiti cha marehemu marehemu na jembe la marehemu marehemu. Jua lilikuwa linashuka na pikipiki inamngoja.

Jumapili, baada ya ibada, alizitandaza noti zote juu ya meza ya nyumbani. Zilimtia aibu. Zilikuwa za kahawia kwa moshi, zimekunjika, zinanuka panya. Alifikiria ukumbi, wageni wa wilaya, watu wa mjini wenye mikono laini, na juu ya kila noti jina la boma ilikotoka. Watu wa Koboko wasionekane wachafu kwa mkono wangu, alisema moyoni. Nyingine alizipangusa tu vumbi. Lakini ile ya Lurujo, ya kukaa katikati, aliifanyia kazi yake yote.

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mistari mitatu iliyopita juu ya picha na pembeni, kubwa, nzito. Candia alichovya pamba kwenye waragi. Aliimba wimbo wa asubuhi ile, sauti ya pili, sehemu yake ya kwaya. Herufi zilitoka moja moja, zikaingia kwenye pamba. Aliliona neno "watoto" likififia na hakujiuliza ni watoto gani. Mwishoni mwa mstari wa tatu palikuwa na tundu, dogo kama la sindano. Aliliziba kwa wanga. Alipopiga pasi na kuinua kitambaa, noti ililala inang'aa, na alipoielekeza dirishani, korongo aliyefichwa ndani ya karatasi akatokea, shingo yake nyembamba, taji lake kichwani. Candia alijiita fundi siku hiyo. Alijiita kwa sauti.

Alhamisi alizipeleka ukumbini. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi. Katikati ya ukuta mkubwa kulikuwa na fremu moja tupu, na chini yake kadi iliyokwisha kuandikwa. Scovia alizipokea noti moja moja kwa vidole vya glavu, akifurahia kila kunjo, kila alama ya moshi. "Angalia hii, imekaa kwenye kiatu," alisema. "Na hii, jino la panya!"

Noti safi ilikuwa ya mwisho. Scovia aliishika, akaigeuza, akaitabasamia kwa adabu.

"Nzuri. Imetunzwa sana. Lakini ya Mama Kiden iko wapi?"

"Ya Mama Kiden?"

"Yenye barua. Patience hakukwambia? Lodu alipokuwa Sudan hakuwa na karatasi. Hela zao zilikuwa zimekufa, hazinunui hata chumvi, basi akamwandikia mke wake barua juu ya noti. Ndiyo maandishi yake pekee yaliyobaki duniani. Ukumbi huu wote nimeujenga kuizunguka hiyo."

Candia alitazama fremu tupu. Alisoma kadi. Kadi ilisema: Barua ya seremala kwa mkewe. Kichwani mwake iliyosimama ilikuwa pamba, kipande cha pamba chenye bluu, alichokitupa kwenye jiko la mkaa.

Kisha mdomo wake ukasema, "Hakunipa."

"Hakukupa?"

"Alisema atatafuta. Unajua wazee. Labda amesahau alikoweka."

"Na hii?"

"Hii ni ya mtu mwingine. Ameghairi, nitamrudishia." Akaichukua noti ya Lodu kutoka mkononi mwa Scovia na kuitia mfukoni, haraka, kama mwizi wa sokoni.

Scovia alipiga simu Lurujo pale pale, akaifungua sauti ili Candia naye asikie. Patience alipokea. "Lakini bibi alimpa, mwalimu! Alimpa mkononi!" Kisha simu ikapokewa na mkono mwingine, na sauti ya Mama Kiden ikauliza Candia amesema nini. Scovia akamwambia. Upande ule kuku alisikika, na mtu akitwanga mahali.

"Mke wetu hawezi kusema uongo," mzee alisema hatimaye. "Basi mimi nimesahau. Nitaitafuta."

Ijumaa asubuhi Candia alifunga meza yake, akaenda Koboko, na kutoka mjini akapanda pikipiki mpaka Lurujo. Njiani alipanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, yalianza na hewa mbaya ya msimu na wageni wa wilaya. Alipoingia uani yote yakamtoka.

Nyumba ya Mama Kiden ilikuwa imetapikwa nje. Godoro lilipasuliwa na pamba yake ikivutwa na upepo. Vyungu vililala ubavu. Gunia la mtama lilimwagwa juu ya mkeka, na mzee, mwenye miaka sabini na zaidi, alipiga magoti pembeni akichambua punje kwa viganja. Gauni jipya la kuvaa Jumamosi lilining'inia kwenye kamba, peke yake, safi.

"Mke wetu! Umekuja vizuri," Mama Kiden alisema. "Lete macho yako, yangu yamechoka. Nilidhani nilikupa. Nilikuona kabisa, hapa mlangoni, umevaa kitenge cha kijani. Kumbe kichwa kimeanza kunidanganya. Kesho nitasahau jina langu, Patience atanifunga kamba kama mbuzi."

Alicheka. Patience, aliyekuwa ndani akigonga kuta za kibanda kutafuta ufa, hakucheka.

Candia alipiga magoti juu ya mtama.

"Ulinipa, mama."

"Eh?"

"Ulinipa. Nilivaa kitenge cha kijani. Kichwa chako iko sawa. Mimi nilisema uongo."

Alitoa noti na kuinyoosha kwa mikono miwili. Mama Kiden aliipokea, akaiweka mbali na macho, kisha karibu. Hakujua kusoma. Lakini aliyajua yale maandishi kama mtu anavyoijua njia ya kisimani: yalianzia kwenye kona, yalipanda kidogo, yakateremka. Kidole chake kilianzia kwenye kona, kikapanda, na hakikukuta kitu.

"Amekwenda wapi?" aliuliza, kama anayemuulizia mtu.

"Niliiosha."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu, mama."

Patience alitoka na fimbo mkononi. "Chafu? Na ukamwambia mwalimu kwamba bibi amesahau! Tangu jana hajala! Tumefungua hata godoro!" Mzee alimnyamazisha kwa kiganja.

"Wewe unajua kusoma?" alimuuliza Candia.

"Najua."

"Ulisoma?"

Hilo ndilo jibu lililokuwa zito kuliko mengine yote. Candia aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia mtama.

"Hapana."

"Mimi sijui kusoma, na nilisoma kila siku," Mama Kiden alisema. "Wewe unajua." Hakupandisha sauti.

Candia alilia, kisha akaona aibu kulia mbele ya asiyelia, akajipangusa. "Niambie yalisema nini, mama. Nitanunua kalamu ya bluu. Nitaandika upya, pale pale, hakuna atakayejua."

"Mkono wako si mkono wake."

Kuku walikuja kula mtama na hakuna aliyewafukuza. Kisha mzee akaanza kupapasa ukingo wa noti kwa kucha ya kidole gumba.

"Na katundu? Lodu alikuwa mtu wa nyundo, hakujua kushika kalamu. Alipofika mwisho alikandamiza kama anapiga msumari, akatoboa. Hapa palikuwa na katundu."

"Nilikaziba," Candia alisema, kwa sauti isiyosikika.

Mama Kiden alilowesha kidole kwa ulimi, akakisugua mahali pale, polepole, kama anavyopangusa uso wa mtoto. Wanga ulilainika, ukatoka uzi mweupe. Aliiinua noti juu. Palikuwa na nukta moja ya anga.

"Hapa alimaliza kusema," alisema.

Alipoishusha alikuwa amekwisha kuamua. "Kesho itakwenda. Niliahidi, itakaa nilipoahidi. Na wewe utasimama kando yake. Kila atakayeuliza kwa nini iko pale, utamwambia palikuwa na nini, na nani ameondoa."

"Mbele ya watu, mama?"

"Kunisema mimi nimesahau, ulinisemea wapi?"

Ndipo akamwambia maneno, macho yake yakiwa chini, na Candia akayarudia mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza: Nimefika Yei. Mguu umepona. Njoo na watoto kabla ya mvua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Scovia alikuwa ameambiwa yote asubuhi. Hakugomba, aliandika kadi nyingine na kumwonyesha Candia mahali pa kusimama. Kulikuwa na chui wa Zaire, noti za Sudan, noti iliyokaa kwenye kiatu. Watu walizisogelea zile chakavu na kunong'ona. Lakini katikati walisimama wakashangaa kwa sauti: "Hii iko safi sana! Kama imetoka benki leo." Kila sifa ilimpiga Candia kofi. Na kila mara alifungua mdomo.

"Hapa palikuwa na barua. Seremala alimwandikia mke wake. Ilisema: Nimefika Yei. Mguu umepona. Njoo na watoto kabla ya mvua. Mimi niliifuta. Nilidhani ni uchafu."

Wengine waliguna. Kijana mmoja alicheka, mwenzake akamvuta shati. Mke wa mchungaji wake alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumsalimu. Jolie alikuja amevaa vizuri, akauliza wino ulifutwa kwa kitu gani, akajibiwa, "Kwa waragi yako." Alimgusa Candia bega, akaenda.

Mchana alifika Kambale. Aliiona noti tangu mlangoni na kuja akicheka, mikono imepanuka.

"Mama Candia! Hii pasi naijua! Hii ni kazi yako, hakuna mutu mwingine!"

"Ni kazi yangu," Candia alisema, na akamwambia.

Kambale alivua kofia. Alisogeza uso kwenye kioo, akatafuta, akaliona tundu. Kisha akauliza swali ambalo watu wote wa siku ile hawakuliuliza, na ambalo hata Candia, akiwa amepiga magoti Lurujo, hakukumbuka kuliuliza.

"Na mama? Alikwenda?"

Candia aligeuka. Mama Kiden alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu nyuma yao, ndani ya gauni lake jipya, na Patience kando.

"Nilikwenda," mzee alisema. "Nilikuwa na muhogo mwingi shambani. Nikasema nichimbe, nikaushe, tusiende kwa watu mikono mitupu. Nikachimba. Nikaanika. Mvua ikanitangulia." Alinyoosha gauni magotini. "Nilikuta kaburi limeota majani. Mguu haukupona. Aliandika hivyo ili nisiogope."

Patience alimtazama bibi yake kama anamwona mara ya kwanza. "Bibi, hukuwahi kutuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba nilingoja muhogo?"

Kambale alibaki na kofia kifuani. Candia alitaka kwenda kuketi chini, kwenye miguu ya yule mzee, asiseme lolote tena mpaka ukumbi ufungwe. Lakini kundi jingine lilikuwa limefika mbele ya fremu, wanawake wanne kutoka Manibe, na mmoja wao alikuwa anasema, tazama hii ilivyo safi.

Candia akarudi mahali pake.

"Hapa palikuwa na barua," alianza. Alipofika kwenye mguu, aliangalia nyuma. Mama Kiden alimwinamishia kichwa, kidogo tu: sema alivyoandika.

"Mguu umepona," Candia alisema.